Upande wa Mtaro

Mtu akiniambia kwamba barabara ni ya magari, damu yangu huchemka. Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu, hapa Bwegera, na kila asubuhi nawaona wanaoitumia: wanaosukuma magunia ya mpunga, wanaobeba madumu ya maji, na wanafunzi wangu wanaokuja kwa baiskeli za baba zao. Malori yanayoshuka Uvira ni wageni tu. Lakini mgeni huyo akipiga honi, mwenyeji anaruka mtaroni. Ndivyo tulivyolelewa. Honi ikilia nyuma yako huulizi kitu, unaruka.

Siku moja mwanafunzi wangu, msichana anayetoka upande wa Lubarika, akija kwa baiskeli ya baba yake, alichelewa kuruka. Lori lilimkwangua begani, likanasa mkoba wake, naye akaangukia mawe. Alifika darasani shavu limechubuka, akaketi, akamwomba jirani yake kalamu kwa sababu yake ilikuwa imekwenda na lori. Nilimpangusa damu.

Mwalimu mkuu, ambaye sote tunamwita Direkta, alitoa amri mchana huohuo kuhusu baiskeli, ambayo kwetu huitwa kinga.

"Kuanzia kesho, mutoto asikuje tena na kinga hapa. Batakuja na miguu."

"Direkta, huyu mutoto anatoka mbali."

"Bazazi bake bataona. Minye siwezi kuzika mutoto juu ya kinga."

Si mtu mbaya. Aliogopa, na mimi pia niliogopa. Ila hofu yake ilikuwa imepata mtu wa kuadhibiwa, na mtu huyo hakuwa dereva.

Kesho yake kiti cha yule msichana kilikuwa kitupu, na siku iliyofuata vilevile. Baba yake alipopeleka mpunga mashineni, alipita kuniona, kofia mkononi.

"Madamu, akikuja na miguu atatoka kungali giza. Siwezi kutuma mutoto mwanamuke mu giza na hii barabara yetu. Bora abakie mu shamba na mama yake."

Ningemlaumu vipi? Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Lakini niliapa moyoni kwamba mtoto yule hatamalizia masomo yake kwenye tope la mpunga kwa sababu ya honi.

Nikaanza kuwaangalia watoto wanavyoendesha. Baiskeli ni za watu wazima, na mtoto hafiki kwenye kiti. Kwa hiyo huupitisha mguu wa kulia chini ya chuma cha juu, akaning'inia ubavuni, upande wa kushoto. Kwetu magari hushika kulia, na yakikupita hupita kushotoni kwako. Maana yake mwili mzima wa mtoto unaning'inia upande wa malori! Na honi ikilia, mtoto hugeuza kichwa kutazama, mikono inafuata kichwa, na baiskeli inaelekea katikati ya barabara. Sisi wenyewe tuliwafundisha hivyo, kizazi baada ya kizazi, kisha wakigongwa tunawaambia hawana akili.

"Mutapanda upande wa mutaro," niliwaambia darasani. "Mguu wa kushoto ndani, mwili kuume."

Walicheka. Hakuna aliyewahi kuona mtu akipanda hivyo. Mnyororo uko upande huo, unakula sketi na kuuma miguu. Nilikatakata mpira wa ndani wa gurudumu bovu, nikapata vipande vya kufungia nguo kwenye mguu. Halafu nilikunja kitenge changu, nikapanda mimi kwanza, katikati ya uwanja wa mpira. Nilianguka vizuri sana, mbele ya shule nzima, mimi mama mzima mwenye watoto.

"Mucheke," niliwaambia nikiwa bado chini. "Mukimaliza, mupande."

Basi tukawa tunajifunza kila jioni baada ya masomo, watoto wa karibu wakikimbilia nyumbani kuleta baiskeli, na Direkta akijifanya haoni. Baiskeli isiyo na breki haikuingia uwanjani, hata mwenyewe aseme anasimamisha kwa kandambili. Mimi nilitembea nyuma yao nikigonga beseni la chuma, ndiyo honi yetu. Aliyegeuza kichwa alianza upya. Aliyeruka alianza upya.

"Gari iko na usukani," nilipiga kelele. "Iache izunguke yenyewe! Weye shika njia yako!"

Jumamosi, kwa ombi langu, baba yake alimleta yule msichana nyuma ya baiskeli, juu ya gunia. Alianguka mara nyingi kuliko wengine, na kila akiinuka alinitazama kama aliyenikasirikia. Nilimpenda kwa hilo.

Nilimsumbua Direkta mpaka akachoka. "Akuje Jumatatu," alisema. "Nitaona na macho yangu. Nikiona mubaya, imeisha."

Jumatatu tulisimama pamoja kando ya barabara, yeye na viatu vyake vilivyong'aa. Msichana akatokea, ameegemea upande wa mtaro, sketi imefungwa, macho mbele. Nyuma yake kulikuwa na lori. Likapiga honi. Likapiga tena, ndefu. Mimi mwenyewe nilitaka kumwambia aruke, ikabidi nijizibe mdomo kwa mkono. Hakuruka. Hakugeuka. Lori likapunguza mwendo, dereva akatukana, akazunguka mbali naye, akapita.

Niligeuka kumtazama Direkta. Hakuwepo pembeni yangu. Alikuwa mtaroni, maji yamemfika magotini.

Msichana alisimama mbele yetu, akashusha miguu yote miwili kama nilivyomfundisha, akafungua mpira kwenye sketi.

"Direkta, naweza kuingia mu masomo?"

Direkta alinyoosha mkono nimvute. Niliuangalia mkono ule, nikakunja mikono yangu kifuani.

"Mujibu kwanza mutoto," nilimwambia.