Ridhaa ya Baba

Moshi wa samadi ulikuwa ukifuka mbele ya zizi la baba kule Kwala, mzito na wa kuwasha macho, nami nikiwa nimebanana na mama kwenye benchi tukisubiri baba amalize chai yake aseme neno. Nilikuwa na miaka tisa, na baba yangu nilikuwa nimemwona mara chache mno. Ukoo wake ulihamia Pwani na mifugo kutoka kaskazini. Yeye na mama waliachana nikiwa bado nanyonya, nikalelewa kwa bibi kijijini Marui, kisha Kisarawe mjini, ambako mama alikuwa muuguzi. Sasa mama alikuwa amepata kazi katika hospitali moja huko Ulaya. Viza yake ilishatoka, lakini yangu ilikwama, kwa kuwa ubalozi ulitaka ridhaa ya baba iliyothibitishwa na wakili. Bila hiyo, mama angeondoka peke yake.

"Mtoto akienda huko harudi," baba alisema, bila kumtazama mama.

"Atarudi, baba Neema."

"Wewe mwenyewe hujui kama utarudi."

Mama akainuka, akanishika mkono. Tulirudi Kisarawe bila ridhaa, na siku zilizofuata nyumba yetu ikawa kama ya wagonjwa. Mama alikuwa akikunja nguo zangu na kuzitia kwenye begi lake, kesho yake akazitoa. Bibi aliitwa kutoka Marui, na nikawasikia jikoni wakizungumza kwa sauti ya chini ni shule gani nitasoma nikibaki. Sikuthubutu kuuliza. Nilichoweza ni kumwangalia mama kila simu ilipoita: mabega yalimpanda, akishasikia si baba, yakamshuka. Tarehe ya kuripoti kazini ilikuwa inakaribia, na mwajiri hakuwa tayari kuisogeza.

Kisha baba akapiga. Alisema tu tukutane Kibaha, kwa wakili, asubuhi.

Tulimkuta ameshafika, amevaa koti zito na viatu vyenye vumbi la Kwala. Wakili alimsomea hati polepole, kwa sababu baba hakujua kusoma. Kidau cha wino kiliposogezwa mbele yake, alikitazama, akainuka, akasema anataka kwanza kuzungumza na mimi nje. Pale barazani alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Ukikaa huko miaka mingi, siku ukiniona utanijua?"

Dirishani nilimwona mama ameukumbatia mkoba wake. Nilijua vizuri jibu alilotaka nilitoe.

"Sijui," nikasema.

Nikaamini nimeharibu kila kitu.

"Mama yako angesema ndiyo," alisema akiinuka. "Na huyo wakili angesema ndiyo. Wewe hujanidanganya."

Akaingia ndani, akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi hadi wakili akamwambia, inatosha mzee. Viza yangu ilitoka siku chache kabla ya safari.

Leo kibali changu cha ukaaji ni kadi ya plastiki ninayoihuisha kwa simu nikiwa nimekaa kitandani. Naondoka na kurudi nipendavyo, na hakuna mtu anayelazimika kuniombea ruhusa kwa mtu mwingine. Mwaka jana nilimwombea baba viza ya matembezi, aje awaone wajukuu. Niliambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji na picha za mifugo. Ilikataliwa. Nikaomba tena, ikakataliwa tena: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba atarudi kwao. Yaani mimi niliyehofiwa kutorudi sishukiwi na yeyote, na yeye, ambaye hajawahi kutaka kuishi popote pengine, ndiye wasiyemwamini. Nilipompigia kumweleza, nilikuwa nikilia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Kwani wanadhani hawa ng'ombe ningemwachia nani?"