Jozi ya Kijani

Kaka yangu ni fundi wa kamera za ulinzi, na kijani hakijui. Akitazama kijani na kahawia anaona kitu kimoja, tena anaapa kwamba ni sisi tunaomtania. Tulipokuwa watoto mimi ndiye niliyemchagulia penseli za rangi, na hakuna aliyejua ila sisi wawili. Kisha akaoa, kazi ile ikahamia kwa wifi yangu, nami nikakubali yaishe. Nilinuna miezi michache tu.

Sasa waya wa kamera una nyuzi nane ndani yake, zimesokotwa mbili mbili, yaani jozi nne, kila jozi na rangi yake. Kila mwisho una kichwa kidogo cha plastiki, na nyuzi zikiingia humo bila mpangilio, kamera haioni kitu. Jozi ya bluu kaka anaijua. Ya machungwa anaitambua kwa mng'ao wake. Ni hizo mbili zilizobaki zinazomtesa. Kwa hiyo tangu waoane, wifi aliongozana naye kila kazi, amebeba begi la vifaa, watu wakidhani ni mapenzi. Anamnong'oneza rangi, kaka anapanga, anabana kwa koleo, wanaondoka. Mteja hajui kwamba fundi wake hatofautishi jani na udongo. Angejua, nani angempa kazi?

Wifi naye alijivunia siri ile kuliko pete yake ya ndoa. Wanawake wenzake wakisimulia jinsi waume zao wasivyoweza kuishi bila wao, yeye alitabasamu tu na kuangalia kucha zake. Mimi nilijua anachotabasamia, na nilikuwa nakereka.

Mwaka huu wifi akapata kazi duka la dawa, kaka akaanza kwenda peke yake. Kufunga kamera mpya hakukumpa shida, kwa sababu wifi alimwandalia waya nyumbani, vichwa vyote viwili tayari. Shida ikaja kwa mwalimu wa chekechea, mwanamke anayekaa mtaa wa pili. Kamera yake ya getini ilizima, na kaka alipokwenda akakuta kichwa cha waya kimeoza kwa maji ya mvua. Hapo dawa ni moja, kukikata na kuweka kipya, palepale. Akarudi nyumbani mapema, akala vizuri, akasema kazi imeisha.

Wifi akauliza nani alimsomea rangi. Kaka, ambaye kudanganya hakujaliwa, akasema ni mwalimu mwenyewe. Alimwambia tu kwamba macho yake hayaoni kijani, mwalimu akamsaidia, basi.

Kesho yake wifi alifika kwangu uso umevimba, akakaa bila kukaribishwa.

"Mimi alinichumbia miaka miwili ndipo akathubutu kuniambia," akasema. "Huyo ameambiwa hata chai haijapoa."

Nikamwambia ni waya tu, wifi. Akaniuliza kama mume wangu angekwenda kuvua shati kwa mwalimu ningesema ni shati tu. Na kusema kweli nilikuwa nafurahia kidogo, maana miaka yote hiyo aliyekaa pembeni ni mimi.

Wiki haikuisha, kamera ikazima tena. Mwalimu akapiga simu, na wifi akaisikia sauti ikisema, "Fundi wangu, imegoma tena." Hilo "wangu" lilimkaa kooni. Akaomba ruhusa kazini, akabeba begi lake la zamani, akanipitia na mimi eti nikashike ngazi. Ngazi yenyewe haikuhitaji kushikwa. Alitaka shahidi.

Mwalimu ni mtu mpole, ana miwani mikubwa na tabia ya kuongea na watu wazima kana kwamba wana miaka mitano. Alitupa maji ya kunywa, akamsifu wifi kwa gauni lake, akatuomba tusogee kivulini. Wifi alijibu kwa adabu zote huku ameuma meno. Kaka akapanda kuikagua kamera, akashuka, akafungua kiboksi cha waya kilichofungwa chini yake, karibu na ardhi, akatuonyesha kilichotokea. Mpira wa kuzuia maji haukukazwa sawasawa, unyevu umeingia, pini za kichwa kipya zimeota kutu. Akakiri kwamba kosa ni lake. Akasema pia waya uliobaki unatosha kukatwa mara mbili tu. Zaidi ya hapo itabidi avute mwingine kutoka sebuleni na kutoboa ukuta wa watu.

Akakata mara ya kwanza, akamenya ganda, akakaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi, ncha ya waya mkononi, nyuzi zimetandazwa kiganjani. Kabla hajasema neno, mwalimu alikuwa amesogea begani kwake, mahali pa wifi palepale. Kaka alikwenda kwake mara moja tu, naye ameshazoea.

"Hii ndiyo ya kijani, fundi," akasema, akiigusa jozi moja kwa ncha ya kucha.

"Hiyo ni kahawia," wifi akasema.

Nilitazama. Jua lilikuwa linawaka, na mimi miwani sivai. Ilikuwa kijani kama jani lililochumwa sasa hivi.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akatazama upya, akasema kwa upole kwamba yeye anaona kijani. Wifi akajibu kwamba rangi hizi amemsomea mumewe miaka na miaka, hata usingizini anazijua. Kaka hakuinua kichwa. Akasema mke wake amesema kahawia, na akaipanga mahali pa kahawia. Mwalimu akavaa miwani yake. Mimi nilinyamaza, na mpaka leo sijui nilinyamaza kwa ajili ya nani.

Akabana kichwa kwa koleo. Ana kifaa cha kupimia chenye taa ndogo nane, ambazo mambo yakiwa sawa huwaka kwa zamu, moja hadi nane. Kipande chake cha pili alikuwa amekichomeka sebuleni, kule waya unakoishia. Ikawaka ya kwanza, ikawaka ya pili, kisha ikarukia ya saba. Jozi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, na ni zilezile mbili zilizobishaniwa.

Kaka alikitazama kifaa kile kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Nilimwona anaelewa. Mtu asiyeona rangi anaishi kwa neno la mwenzake, na leo neno lenyewe lilikuwa la uongo, mbele ya mteja, kwenye kazi inayomlisha. Nilijua atafoka. Wifi pia alijua, maana alikuwa ameanza kukusanya vifaa ambavyo bado vinatumika. Mwalimu akasogea, kidole tayari, akasema yeye yuko, amsomee.

"Subiri kwanza, mwalimu," kaka akasema.

Akakata tena, mara ya mwisho ambayo waya ule ungekubali. Akamenya, akatandaza. Akaokota jozi moja kati ya zile mbili, akamgeukia wifi.

"Mke wangu, hii ni rangi gani?"

Hakuuliza kwa hasira, wala kwa kumwaibisha. Aliuliza kama alivyouliza miaka yote, kisha akasubiri. Ilikuwa wazi kwamba atakachoambiwa ndicho atakachoweka, hata kama kesho ukuta wa mwalimu utatobolewa.

Wifi machozi yalikuwa yamemjaa. Nadhani wakati ule hata yeye rangi hakuziona vizuri. Akajifuta kwa kiwiko, akainama karibu kabisa.

"Kijani," akasema. "Hii ni kijani. Nisamehe."

Kaka akaipanga mahali pa kijani, akabana. Taa zikawaka kwa zamu hadi ya nane. Akakaza mpira mara mbili, na mwalimu akasema picha imerudi kwenye simu yake.

Mimi nilibaki nimeshika ngazi isiyo na mtu. Siku nzima nilikuwa nimemcheka wifi moyoni. Nyumbani nina mume mwenye macho mazima, anaona rangi zote, na akinikuta nimemdanganya hata jambo dogo, mwezi mzima haniulizi kitu. Nikamtazama wifi yangu akifungasha koleo, macho mekundu, pua inamchuruzika, na nikamwonea wivu hadi nikashindwa kuaga.