Majani Mekundu ya Baba na Udongo wa Veneranda

Juzi nilimwaga maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa mezani wiki nzima. Harufu ile mnaijua: mashina yaliyooza, utelezi, yai viza. Wengine hukunja uso, wakaosha chombo, yakaisha. Mimi nilishika ukingo wa sinki nikatapika kweli kweli, mama wa watoto watatu, kwa sababu maji ya namna ile nimeshayanywa. Nimeyameza nikiwa mtoto, kila Jumamosi.

Tulikaa Biryogo, mtaa wa Waislamu hapa Kigali, na habari hii ni ya mwaka 1991, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja. Vita vilipoanza huko kaskazini, Mbelgiji alifunga mizigo akaondoka, akamwachia Baba sufuria mbili, koti la mvua, na tangi la kioo lenye samaki wadogo na majani mekundu ya majini. Sufuria Mama alizipenda. Tangi alilichukia tangu siku lilipoingia sebuleni likafukuza kabati lake la vyombo. Baba hakujali. Majani yale yalikuwa mekundu kama ini mbichi, na Baba, mtu asiye na kazi wala dalili ya kazi, aliweza kukaa mbele yake tangu Alasiri mpaka Magharibi.

Maji ya tangi yalipaswa kupunguzwa kila wiki, na njia ilikuwa moja. Unatumbukiza ncha ya mpira wa maji ndani ya tangi, nyingine unaiweka mdomoni, unafyonza mpaka maji yapande, kisha unautoa mpira haraka na kuuelekeza kwenye ndoo. Baba alidai pumzi yake ya sigara ingeua samaki. Mama alisema afadhali arudi kwao Ujiji. Nikabaki mimi, na sikuwahi kuutoa mpira kwa haraka ya kutosha. Maji yaliingia vuguvugu, mazito kidogo, yenye mavi ya samaki na vipande vya majani vilivyogeuka kamasi. Siku moja aliingia konokono mchanga, nikamtafuna kabla sijamjua. Nilitema, nikalia, nikasukutua mpaka ulimi ukauma.

"Acha makelele, sha," Baba aliniambia. "Iko maji tu. Samaki iko mnyama safi."

Basi meneja wa hoteli moja ya mjini akasikia habari za tangi letu. Alilitaka kwenye mapokezi yake, pamoja na mtu wa kulitunza, kwa mshahara wa kila mwezi. Angekuja kuliona baada ya miezi miwili. Baba akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Na majani nayo yakachagua wakati huohuo kutuaibisha: yaligeuka kahawia, kisha kijani cha mgonjwa, na yale ya chini yakaanza kuoza. Baba akalisogeza tangi dirishani yapate jua, kioo kikaota utelezi. Akakumbuka kwamba Mbelgiji aliwahi kusema majani mekundu hula chuma, akatumbukiza misumari yenye kutu. Jumamosi ile nilionja kutu juu ya yote mengine. Majani hayakuonja kitu.

Aliyetutoa kwenye tabu hiyo alikuwa Veneranda, mwanamke aliyetuuzia vyungu. Alitoka bondeni chini ya kilima cha Rebero, na alikuwa Mtwa, wa kabila dogo la wafinyanzi. Kwa wasiojua mambo ya kwetu, niwaeleze. Miaka ile watu wa Kigali walikuwa wakigawanyika kwa kila kitu, lakini jambo moja walikubaliana wote, Waislamu kwa Wakristo, Wahutu kwa Watutsi: hakuna aliyenywea chombo kimoja na Mtwa. Kwetu Veneranda alikuwa na kopo lake la maziwa ya unga, limening'inizwa kwenye msumari nje ya jiko. Mama alimmiminia maji kutoka juu, jagi lisiguse kopo. Nami nilikunja pua kila alipopita, ingawa alinukia moshi na udongo tu, kama jiko lolote. Maharage yetu tuliyapika ndani ya chungu alichokifinyanga kwa mikono yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku hiyo alichungulia sebuleni akiwa mlangoni, akacheka.

"Haya majani iko na njaa," alisema. "Kwetu bondeni iko majani kama haya, nyekundu kabisa. Inakula ile udongo yetu ya vyungu. Mukuje, nitawapa."

Jumapili Baba akanichukua tukateremka. Ulikuwa mwezi wa sita, kiangazi, vumbi limepanda mpaka kwenye kope. Njiani alininunulia kipande cha muwa ili ninyamaze. Veneranda alitupokea kama wageni wa harusi. Aliingia kwenye tope mpaka mapajani, pale ambapo maji yalikuwa na utando wa rangi ya kutu, akachota udongo wa chini kabisa. Ulinuka vibaya, nikageuza uso. Akaukanda, akafinyanga vidonge ishirini vya ukubwa wa yai la njiwa, akavipanga kwenye jani la mgomba, akatueleza namna ya kuvizika chini ya changarawe, karibu na mizizi, polepole, maji yasichafuke. Tulipouliza bei, alikataa katakata.

Kisha akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maji. Alikuwa ameosha mikono mpaka viwiko. Kibuyu kilikuwa kipya, bado kina ungaunga wa kukwanguliwa, na leo najua kwamba hakuna mdomo uliokuwa umekigusa.

"Munywe, jua iko kali," alisema, akakishika kwa mikono miwili.

Baba alikitazama. Jasho lilimtiririka shingoni. Akasema, "Asante, mama. Leo tumefunga."

Ramadhani ilikuwa imekwisha miezi miwili nyuma, na Veneranda alilijua hilo kuliko sisi, kwa kuwa mwezi wa mfungo ndio aliouza vyungu vingi Biryogo.

"Mfungo si iliisha?"

"Hii ni ingine."

"Hata mutoto?"

"Hata mtoto," Baba alisema.

Nilikuwa natafuna muwa. Utamu wake ulikuwa umejaa mdomoni na maji yake yalikuwa yananitoka kwenye pembe za midomo. Niliuficha mkono nyuma, nikameza. Veneranda alinitazama shavu, akamtazama Baba, akasema, "Mungu aipokee," akarudisha kibuyu ndani.

Tulipofika bomba la kwanza la barabarani Baba aliinama akanywa kama ng'ombe. Mimi pia nilikunywa.

Vidonge tulivizika jioni ileile. Baada ya wiki mbili machipukizi yalianza kuwa mekundu kwenye ncha, na wiki ya tano tangi zima liliwaka. Jumamosi nilifyonza mpira kama kawaida. Sasa nilikuwa nameza mavi ya samaki pamoja na udongo uliokandwa na mikono ya Veneranda, na hakuna aliyesema nisukutue.

Meneja akaja, akasimama mbele ya kioo akiwa na soda yake mkononi, akauliza siri ni nini. Baba akajibu kwamba ni uzoefu. Akapewa kazi.

Tangi lilikuwa bado kwetu Veneranda alipopita tena. Aliyaona majani kutoka mlangoni, akapiga makofi, akafurahi kuliko meneja. Mama, nadhani kwa shukrani, akakimbilia kopo, akaliosha mara mbili, akamimina maji.

"Asante, mama," Veneranda alisema kwa upole. "Na mimi leo nimefunga."

Mama akabaki na jagi hewani. Baba aligeuka akawa anahesabu samaki. Mimi, mjinga wa Mungu, nilifurahi mno. Nilikimbia mpaka madrasa, nikamtangazia mwalimu mbele ya wanafunzi wote kwamba Veneranda wa vyungu amesilimu na ameshaanza kufunga. Jioni Mama alinifinya paja mpaka likavimba, nami sikuelewa kosa langu.

Nilielewa nikiwa mtu mzima, na tangu hapo kichefuchefu changu kimehama. Maji ya samaki yananitapisha, lakini yanatoka yakaisha. Hiki kingine hakitoki. Alitujua kuwa tu waongo tangu pale bondeni, akatupa udongo hata hivyo, na uongo wetu akaturudishia kwa adabu, bila kupandisha sauti.

Aliendelea kutuletea vyungu mpaka 1994, tulipotawanyika kila mtu na njia yake, na sikuwahi kujua aliishia wapi. Kwa miaka ile karibu mitatu alifika kwetu na jua la saa sita, midomo imekauka, mzigo kichwani. Kila alipoonyeshwa kopo alisema amefunga. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia ndani, akaleta glasi tunayonywea sisi, akamwambia afungue.