Makaa Yaliyomwagiwa Maji

Mama anafinyanga majiko ya udongo hapa kwetu Kihonda, na mimi nipo kidato cha tatu. Mwaka huu kikundi cha akina mama wa Kinole kilitaka kununua majiko yake, ila kwa sharti: jiko lipimwe kwanza maabara, waone karatasi inayosema kweli linakula kuni kidogo. Tukabeba jiko moja mpaka chuoni, nami nikapewa kazi ya kujaza namba kwenye fomu. Niliipenda kwa sababu haihitaji kuongea.

Kaka wa maabara alipima kuni, akachemsha maji kwenye jiko la mama huku feni kubwa ikivuta moshi. Maji yalipochemka alichomoa kuni, akakung'uta makaa yote kwenye sinia ya bati.

"Haya nayo tunayapima," alituambia. "Yakibaki mazito, maana yake jiko halijaunguza kuni nyingi." Kisha akaenda kupima sufuria kwenye mizani ya upande wa pili.

Mama aliyatazama yale makaa yakiungua bure. Nyumbani hayaachwi hivyo. Yanazimwa, kesho tunapigia pasi. Akachota maji ya ndoo kwa kiganja, akayanyunyizia. Feni ilikuwa inanguruma, kaka hakusikia kitu.

Aliporudi akaweka sinia kwenye mizani. "Mama, jiko lako kali hili."

Mama akacheka kwa aibu, akajifunga kanga vizuri.

Nilijua uzito ule ulikuwa wa maji. Nilijua pia kwamba mama hajui. Nikinyamaza, Kinole wananunua. Nikaandika namba, halafu pembeni, kwa herufi ndogo: makaa yamelowa.

Kaka aliisoma kwa sauti. "Nani kayalowesha?"

"Mimi," mama akasema. "Kwani ninyi kwenu makaa mnayaacha yaishe?"

Kaka alicheka mpaka akashika meza. Akasema turudi kesho, tuanze upya.

Tulipokaribia nyumbani mama alinigeukia. "Ungenivuta kanga tu. Mpaka uniandike?"

Naona ilikuwa rahisi kumwandikia mtu baki kuliko kumwambia mama yangu kwamba amekosea.

Kesho yake mama alikaa kwenye stuli, mikono ameikalia. Jiko lilipita, ila yeye amezoea kuwaambia wateja kwamba linapunguza kuni nusu, na karatasi ilisema ni chini ya hapo. Aliniambia nimsomee ile sehemu mara mbili. Halafu akapiga simu Kinole.

"Si nusu," alisema baada ya salamu ndefu. "Ni pungufu ya nusu. Bado mnayataka?"

Akasikiliza, akiitikia ee, ee, huku akikwangua udongo uliokauka kwenye kucha.

"Wanachukua mawili kwanza, wapikie wenyewe waone," aliniambia, akaenda kuloweka udongo.