Pembetatu za Mwezi Mchanga

Ninamhimidi Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa bado napitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kuomba msaada. Utukufu ni wake kwanza. Sasa nisimulie habari za mkufu.

Tangazo la mashindano ya kazi za mikono lilisomwa kanisani kwetu, hapa Kalemie, baada ya ibada. Kila umoja wa akina mama ungepeleka kazi moja tu, na mama kiongozi angeitia sahihi fomu yake kabla haijaondoka. Sisi tunaoshona shanga tulikuwa wanne. Wenzangu walinikabidhi kazi hiyo, nami sikujifanya kukataa. Nashona shanga tangu kabla sijaolewa.

Nilichukua daftari ya miraba, ile ya hesabu, nikachora: mraba mmoja, ushanga mmoja. Sikutaka maua tunayoiga kwenye simu. Nilikumbuka mikeka ya bibi yangu, Mtabwa kwa kabila kutoka upande wa Moba, na pembetatu zake alizoziita balamwezi, yaani kuandama kwa mwezi. Nikapanga utepe mpana wa kukaa shingoni: pembetatu nyeusi zikitazama juu, nyeupe zikishuka katikati yake, na mstari wa rangi ya damu ya mzee kwenye ukingo wa chini.

Shanga zetu za kioo huvuka ziwa kutoka Kigoma, na hazilingani. Siku mbili nzima nilizichagua moja moja kwenye sahani, maana ushanga mmoja mnene unatosha kuupinda mstari wote. Pembetatu huanzia kwenye kitako: shanga kumi na moja, kisha kumi, kisha tisa, mpaka ubaki mmoja. Mume wangu alipita akasema kwamba hata yeye akianguka kisimani, nitamaliza safu kwanza. Nikamjibu kwamba inategemea nimefika safu ya ngapi.

Zikiwa zimebaki siku nne, nilimpelekea mama kiongozi ule mkufu. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi hivi, mtu wa sala, asiyecheka ovyo. Alifungua kitambaa, akatazama, akarudisha mikono yake mapajani.

"Mama, hii njo nkaka," akasema. "Hii njo ya waganga. Haiwezi kwenda kwa jina ya kanisa."

Njo ni ndiyo yetu ya huku; nkaka ni utepe wa shanga ambao zamani waganga wa pepo walijifunga kwenye paji la uso, na ni kweli ulikuwa na pembetatu hizo hizo. Nilijua. Kosa langu ni kudhani kwamba mjini hakuna mwingine anayekumbuka.

Lakini sikuona haya. Nimesoma shule ya Biblia, nimefundisha wanaojiandaa kwa ubatizo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

"Mwezi uliumbwa siku ya ine, mama," nikamwambia. "Siku ile hapakuwa hata muganga mumoja."

Akajibu kwamba shetani naye hupenda vitu vizuri. Nikasema inawezekana, ila kushona shanga hawezi, kwa kuwa hana subira. Midomo yake ilicheza kidogo, akaikaza. Ndipo nikamuuliza ameutambuaje upesi hivyo, maana wote waliouona mkufu huo kwangu waliona urembo tu.

Aliufunika mkufu kwa kitambaa.

"Mama yangu alivaa," akasema. "Siku ya ubatizo wake waliunguza ile kitu. Mimi njo nilileta moto."

Nilikuwa na jibu lingine tayari, nikaliacha. Nilimwambia kwamba uamuzi ni wake na sitaenda kumshitaki kwa mchungaji, kisha nikauacha mkufu mezani kwake pamoja na fomu. Wenzangu walinilaumu. Walitaka nishone haraka kingine, hata maua. Nikakataa. Nilijua kazi ile ni njema, na nilijua yule mama huomba kabla ya kuamua. Nilifagia uwanja wangu, nikakausha samaki, nikangoja.

Siku ya tatu asubuhi alikuja mwenyewe. Hakutaja waganga. Alikaa kwenye mkeka wangu, akautandaza mkufu, akaweka kidole katikati.

"Umegeuza," akasema. "Ya mama yangu, nyeupe njo zilikuwa zinapanda. Mwezi haupandi na giza, mama."

Nilitazama, nikaona mikeka ya bibi yangu tena, na nikaona amesema kweli. Kichwa changu cha uzee kilikuwa kimepindua rangi, nami kwa kujiamini kwangu sikukiuliza mara mbili. Nilicheka, naye akacheka.

Hatukufumua pembetatu hata moja. Tulitoa mstari wa damu ya mzee, tukaugeuza utepe juu chini, kisha nikaushona mstari upya kwenye ukingo wa chini huku yeye akinichagulia shanga kwenye sahani. Alikuwa mkali kuliko mimi. Zenye kasoro ndogo kabisa alizitupa. Tulipomaliza, alitoa kalamu kwenye mkoba wake akatia sahihi bila kuombwa.

Siku ya mashindano mwamuzi mmoja aliuliza mapambo yale yana maana gani. Nilifungua kinywa, lakini mama kiongozi alinitangulia.

"Mwezi unaandama," akasema. "Mungu njo aliuweka. Na mama zetu njo walituonyesha kuushona."

Tulipata nafasi ya pili, nyuma ya kikapu kutoka Zongwe. Kikapu kilikuwa kizuri. Bado naamini mkufu wetu ulikipita, na Mungu anisamehe kama ni kiburi. Juma lililofuata mama kiongozi alikuja kwangu na sindano yake mwenyewe, akataka nimfundishe kuanzia kwenye kitako.

Nawe unayesoma, Bwana aibariki kazi ya mikono yako, aijaze nyumba yako amani, na akuzeeshe vizuri katikati ya watu wanaokupenda. Amina.