Redio na Ndevu za Kocha

Mambo haya yalitokea mwaka ule walipoweka lami barabara ya shule. La, nimekosea. Lami ilikuja mwaka uliofuata, maana nalikumbuka vumbi: kinyozi akifuta kioo chake asubuhi, kabla hajatundika kitambaa, kioo kimeshavaa vumbi jingine. Basi ni mwaka wa kabla ya lami, na kama nimekosea tena wanisamehe wenye kumbukumbu nzuri.

Kinyozi mwenyewe watu walimwita Redio, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Chumba chake kilikuwa kidogo, kimebanwa kati ya karakana ya seremala na ukuta wa uwanja wa michezo. Ndani mlikuwa na kiti kimoja cha chuma, cha kupandisha kwa mguu, ambacho mteja mnene akikikalia kilishuka chenyewe polepole, hata kinyozi akamalizia kazi amepiga goti. Ukutani alibandika picha ya vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiomba. Mezani palikuwa na mashine, chupa ya spiriti, brashi ya sabuni, poda na wembe. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mtu angeweza kusinzia chini ya wembe ule, kama si mdomo, maana mdomo wake ulikuwa hauna pa kuzimia. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Kwa Redio, vichwa vilivyoponzwa vilikuwa vya wateja, kwa sababu ukishafungwa lile shuka shingoni huna pa kukimbilia.

Mwaka huo alikuwa na habari moja tu ya kutangaza: binti yake kitinda mimba.

Binti huyo alimpita mama yake kimo akiwa na miaka kumi na mbili, na wenzake wakamwita Mlingoti. Alikuwa katika timu ya mpira wa pete ya wasichana wa mtaa. Redio alimpigilia ringi ya ndoo ukutani nyuma ya nyumba, na jioni mama yake akipika alisikia mpira ukidunda chini tu, tena na tena, maana ulipita katikati ya ringi bila kuigusa. Mtoto alikuwa na mikono, hilo halina ubishi.

Ila siku ya mechi Mlingoti alikaa benchi. Kazi yake ilikuwa kushika ndoo ya maji na kulinda kandambili za wenzake. Kocha akimwingiza, ni mwishoni, timu imeshashinda au imeshazikwa, na hata hapo hamalizi, anatolewa.

Kocha alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno ya kupima, na kwa wazazi wote alikuwa na jibu moja: "Namba haiombwi, inatafutwa mazoezini." Baba mmoja, fundi cherehani, alimshonea suruali. Kocha aliivaa, akashukuru sana, na mtoto wa fundi akabaki palepale benchi. Suruali ilimkaa vizuri, hata fundi mwenyewe alikiri.

Sasa, kocha huyo alinyolewa ndevu kwa Redio kila Jumatano. Redio akaona bahati imekuja kwa miguu yake yenyewe ikakaa kitini.

Jumatano moja alimpaka sabuni mpaka chini ya pua, akamlaza kichwa nyuma, akaweka wembe shingoni. "Mwalimu," akasema kwa upole, "hivi yule binti yangu unamwonaje?"

"Mm," akasema kocha.

"Anajitahidi, eti?"

"Mm."

"Mimi si mtu wa kuingilia kazi ya mtu, Mwalimu, unanijua. Lakini ukimwanzisha Jumamosi hutajuta. Au nasema uongo?"

Wembe ulikuwa umefika kwenye lile koromeo linalopanda na kushuka mtu akimeza mate. Kocha alilizuia lisipande. "Mm," akasema.

"Mungu akuzidishie."

Jioni akamwambia mkewe, "Kocha amekubali. Jumamosi mtoto anaanza."

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Amesema mara tatu, mama."

Jumamosi Redio alifunga duka mapema, akavaa shati analovaa kwenye arusi za watu, akamtangazia kila aliyekutana naye njiani. Uwanjani akamkuta Mlingoti na ndoo ya maji. Akasubiri. Mwishoni kabisa, timu iko mbele kwa mbali, binti akaingizwa. Redio akasimama juu ya jiwe. "Rudi, mwanangu," akapaza sauti. "Hapana, funga. Toa pasi. Si hiyo." Mlingoti akadaka mpira, filimbi ikalia, mpira wakapewa wapinzani. Akadaka tena, filimbi tena. Kocha akamtoa. Redio akamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba mwamuzi wa siku hiyo alikuwa na lake jambo.

Jumatano kocha alipokaa kitini, hata shuka hajafungwa, Redio akaanza.

"Mwalimu, si tulikubaliana?"

"Lini?"

"Ulisema mm."

"Ndugu yangu," akasema kocha, "mtu mwenye wembe kooni akisema mm, anaomba tu afike nyumbani salama." Akainuka, akaenda zake na vinyweleo vyake.

Wiki iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Ndevu zikaota. Mwanzoni zilikuwa kivuli, zikawa brashi, kisha zikawa kitu ambacho wanafunzi wa hesabu walisema chaki inaingia humo na haitoki. Alijaribu kinyozi wa sokoni, akarudi na vibandiko viwili shavu la kulia na ndevu zote za shavu la kushoto, maana alikimbia kabla upande wa pili haujafikiwa. Akaamua kuziacha. Wanawake wa bombani walisema anafanana na beberu aliyestaafu.

Jambo hilo lilimuuma Redio pande mbili. Mtoto bado alikuwa benchi, na zile ndevu zikipita mbele ya duka kila asubuhi zilikuwa kama bango la kumharibia jina. Seremala jirani yake hakusaidia.

"Fundi," alisema akichungulia na randa mkononi, "kila unywele ule unakutaja wewe."

"Wewe kapige randa mbao zako."

"Mbao hazina haraka. Ndevu ndizo zenye haraka."

Aliyelitatua ni mke wa Redio. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, nadhani kwa sababu maneno ya nyumba ile yalikuwa yameshachukuliwa yote. Alimkuta kocha njiani akijikuna kidevu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ukihakikishiwa kimya, utakuja kunyolewa?"

"Marahaba, mama. Kimya cha nani?"

"Cha mume wangu."

Kocha alimtazama kwa huruma. "Mama, mimi nafundisha hesabu. Vitu visivyowezekana navijua."

"Nitakaa mlangoni mwenyewe," akasema yule mama.

Wakapatana hivi: tangu sabuni mpaka poda, Redio asitoe hata neno. Akitoa neno moja, kocha anainuka na sabuni yake, na mtaa huu hataonekana tena kwa kinyozi. Redio alikubali. Usiku alijizoeza, mkewe akasema alinyamaza usingizini tu.

Jumatano ikafika. Habari zilikuwa zimeenea, na watu wakajipanga dirishani kama wanaotazama kupatwa kwa jua. Seremala aliacha kazi kabisa. "Fundi, umeamkaje?" akauliza kwa sauti ya adabu. Redio alimtazama tu. Ndiyo mara ya kwanza salamu ya mtu kubaki bila jibu katika chumba kile.

Akapaka sabuni. Ilihitaji nyingi. Jasho likaanza kumtoka yeye, si mteja. Alinyoa shavu la kwanza, na hakuna sauti ila ya wembe. Alipouinua kuufuta, kocha akafungua jicho moja.

"Sasa umenyamaza," akasema, "mimi nina la kusema. Nimelitafutia nafasi mwaka mzima, sikuipata. Binti yako mikono yake sijaiona kwa mtoto mwingine. Mazoezini hakosi. Namba ameshaipata zamani. Wewe ndiye uliyeikalia."

Wembe ukasimama hewani.

"Tatizo lake ni shingo. Mchezo huu ukidaka mpira unazo sekunde tatu za kukaa nao, basi. Yeye akidaka, kwanza anageuka kukutafuta ulipo. Moja hiyo. Unamwambia rudi, anafikiria kurudi. Mbili. Unamwambia funga. Tatu. Filimbi. Mazoezini haupo, hageuki."

Mdomo wa Redio ukafunguka. Mkewe akakohoa mlangoni. Ukafungika.

Maneno yalimjaa mpaka machoni. Alitaka kusema kwamba na yeye utotoni alicheza mpira, na kwamba kila alipotazama pembeni hakumwona mtu wa kwao hata mmoja. Alitaka kusema aliapa mtoto wake akigeuka, amwone. Yote hayo alitaka kuyasema, na poda ilikuwa bado.

"Jumamosi tunacheza na wale wa ng'ambo ya reli," kocha akaendelea. "Ukibaki hapa dukani, nitamwanzisha. Unakubali?"

Redio akameza mate. "Mm," akasema.

Dirishani wakaulizana kama hilo linahesabiwa kuwa neno. Kocha akaamua kwamba halihesabiwi.

Basi Jumamosi mama na binti wakaenda, Redio akabaki. Seremala akaja kunyolewa, ingawa alinyolewa juzi, nadhani alitumwa amlinde. Ukuta wa uwanja uko pale pale, kelele zinapita juu yake bila kizuizi ila macho hayapiti. Watu wakaanza kushangilia. Redio akageuka kuutazama ukuta. Wakashangilia tena, akageuka tena.

"Fundi," akasema seremala kwa uangalifu, "shingo."

"Nyamaza, nasikiliza."

"Sikiliza, lakini wembe uweke mezani kwanza."

Palitokea kimya kirefu ng'ambo ya ukuta, kimya ambacho Redio alisema baadaye kilikuwa kirefu kuliko Jumatano yote. Kisha pakalipuka kelele, ngoma za debe, watu wanaimba. Seremala alitoka pale upande mmoja wa ndevu ukiwa juu kuliko mwingine, na siku hiyo hakulalamika.

Walipofika nyumbani, mama na binti walimweleza kila kitu. Mlingoti alicheza mwanzo mpaka mwisho. Alifunga mpaka mlinzi wa wapinzani akaanza kumwomba apunguze. Alianguka mara moja, akachubuka goti, akainuka. Kocha alicheka, na watu wakaona meno yake, kwa kuwa sasa hapakuwa na ndevu za kuyaficha. Redio alisikiliza yote bila kukatiza, jambo ambalo mkewe alilitaja kwa miaka.

Kisha akauliza swali lake moja. Mlingoti akacheka, akachukua sabuni akaenda kuoga. Akamuuliza mkewe, mkewe akasema amuulize mwenye shingo. Jumatano akamuuliza kocha, kocha akasema yeye alikuwa akitazama mpira. Leo binti ana watoto wake, na Redio amestaafu, wembe kamwachia mwingine. Lakini kila Mlingoti akija kumsalimu, mzee husubiri watu wapungue sebuleni, akasogeza kiti, akauliza tena, kwa sauti ndogo kuliko ile tuliyoizoea: "Mwanangu, ile siku sikuwapo, ulipodaka mpira wa kwanza, uligeuka?"