Mama Plagi na Jicho la Mzee Cheche

Saa moja na nusu asubuhi, teksi nyeupe inaingia gereji ikikohoa. Inatetemeka hata ikisimama, na dereva wake anateremka akiwa amenuna kama aliyelala na njaa. Mafundi wengine hawatazami. Anapitiliza hadi kwenye benchi la pembeni, chini ya bati, walipo mzee wa miwani mizito na mkewe aliyevaa ovaroli juu ya gauni.

“Shikamooni. Mama Plagi, hili gari litaniua. Likiona mlima tu, linaishiwa nguvu.”

“Marahaba. Usizime, liache lingurume hivyohivyo,” anajibu mzee. “Mama Watoto, anza.”

Mwanamke anachukua koleo lenye vishikio vya mpira na kuinama juu ya injini. Anachomoa waya wa plagi ya kwanza. Mngurumo unazidi kuyumba. Anaurudisha. Wa pili, vilevile. Anapochomoa wa tatu, sauti haibadiliki hata kidogo.

“Huyo ndiye aliyelala,” anasema mzee, uso umeelekea kwingine. “Wenzake wanavuja jasho, yeye anakula bure. Zima, tungoje ipoe.”

Kwenye kona hii mzee amekaa zaidi ya miaka thelathini, na madereva ndio waliomwita Mzee Cheche. Zamani hizo za kabureta, magari yalibugia petroli kama walevi na plagi zilichafuka upesi. Jumamosi foleni ilifika barabarani. Yeye alizifungua, akazisugua kwa brashi ya waya, akapima nafasi ya kurukia cheche na kuzirudisha, redio ikiimba pembeni.

“Siku hizi gari linakaa miaka na plagi zilezile, mwenyewe hajui hata zilipo,” anamwambia mwandishi na kucheka. “Magari manne kwa wiki, hiyo ndiyo neema yetu.”

Mkewe alikuwa fundi cherehani kwenye kibanda cha ng’ambo ya barabara. Ndiye aliyemshonea ovaroli ya kwanza.

“Akarudi mara tatu, eti kifungo kimetoka,” anakumbuka. “Mara ya tatu nikakagua vizuri. Kumbe anakata kwa wembe!”

“Sasa ningepata sababu gani nyingine?” mzee anajitetea.

“Nilikuwa nikisikia harufu ya petroli najua amefika. Hata leo nikiisikia, moyo unakuwa wa msichana. Watoto wakinisikia watanicheka, na wacheke.”

Kisha ukaja ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mzee aliuficha, maana fundi wa plagi asiyeona rangi ni sawa na mpishi asiyejua chumvi. Alifanya kazi kwa kupapasa, na miaka miwili iliyopita alifanya kosa ambalo alikuwa akiwakaripia wengine. Plagi huanzwa kwa vidole mpaka ikae. Yeye aliiingiza upande, akaona ngumu, akadhani ni kutu, akaisukuma kwa spana. Meno ya tundu yakasagika, na kichwa cha injini ya mteja kikaharibika.

“Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu,” anasema mkewe. “Akaniambia, basi, nimemaliza. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Macho mimi ninayo.”

Kesho yake mkewe alikuja naye gereji. Lugha ya gereji hakuwa nayo, kwa hiyo alitumia ya vitambaa, na mzee akalazimika kujifunza. Ndiyo wanayoitumia mpaka leo.

Injini imepoa. Mama anafungua plagi moja moja na kuzisimamisha kwenye trei ya mayai, kwa mpangilio wa silinda, zisichanganyike.

“Ya kwanza kaki. Ya pili kaki. Ya tatu nyeusi ya mahameli. Ya nne kaki.”

“Ina unyevu? Inang’aa?”

“Ingeng’aa ningekwambia satini. Hii kavu.”

“Basi si oili, ni masizi. Ama yenyewe imekufa, ama moto wa waya hauifikii. Ibadilishe na ya kwanza, tuone ugonjwa unahama na nani.”

Anaianza kwa vidole, polepole, kabla ya kugusa spana. Gari linawashwa, nyaya zinachomolewa tena. Safari hii aliyelala ni wa kwanza.

“Waya ni mzima. Plagi ndiyo marehemu,” mzee anatangaza. “Weka mpya zote nne. Zilizaliwa siku moja, hizo nyingine hazikawii kumfuata.”

Muda si mrefu teksi inanguruma kwa utulivu, na dereva anaondoka akipiga mluzi. Mzee anapapasa ukuta kuelekea bombani kunawa. Mwezi ujao atapasuliwa jicho la kwanza. Mkewe anamfuata kwa macho, kisha anashusha sauti.

“Namwombea lipone. Lakini likipona, benchi ni lake. Kazi hii nimeipenda, na sijathubutu kumuuliza. Nikirudi kwenye cherehani nitakuwa kama nimefiwa.”

Mzee anarudi, mikono ikichuruzika maji. Anaulizwa atafanya nini kwanza bandeji ikitoka. Hasiti.

“Mafundi wote wa hapa nimewaona wakifanya kazi, isipokuwa mke wangu. Miaka miwili namsikia tu. Nataka nikae nimtazame akifungua plagi mpaka nichoke.”

“Na ukichoka?” anauliza mkewe, bila kumtazama. “Utataka benchi lako?”

“Langu tangu lini? Wateja wakija wanamwita nani? Mimi nitapokea magari na kupiga soga.”

Mama Plagi anainama juu ya trei, anasugua kisichohitaji kusuguliwa.

“Haya. Ila ukija kunitazama, ukae upande ule. Usinizibie mwanga.”